Hodi Mbele ya Meza Kuu

Hapo juzijuzi, wala si kale, palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likarekebishwe, na mpaka naondoka huko kamati ilikuwa haijarudi. Ilikuwa nchi njema, yenye watu wapole na viongozi wengi. Ungerusha jiwe sokoni bila kulenga, lingemwangukia naibu wa fulani. Nasema hayo kwa kusifu, nisije nikanukuliwa vibaya.

Ndani ya nchi hiyo kulikuwa na mtaa uitwao Tofalini, na Tofalini kulikuwa na Chama cha Sanaa, Maendeleo ya Sanaa na Sanaa za Maendeleo. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kitwana Mapembe, mtu mwenye sauti nzito na shingo iliyoumbwa kwa ajili ya kukaa mbele. Chama kilikuwa pia na jukwaa lake la saruji, lililojengwa na akina mama wa mtaa. Wao ndio waliobeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, kwa kuwa wanaume kipindi hicho walikuwa kwenye kikao cha kuamua nani atalizindua. Kikao hicho, kwa taarifa yako msomaji, ndicho kilichozaa chama.

Mmoja wa akina mama hao alikuwa Bi Zakia, ambaye siku hizi magoti yalikuwa yamemgomea, akawa mtu wa kitandani na kibarazani. Binti yake aliitwa Mwantumu, na habari hii ni ya Mwantumu.

Mwantumu alikuwa mwimbaji wa mtondoo, ngoma ya pale pale Tofalini. Kwenye mtondoo, ngoma haimfuati mwimbaji, humjibu. Mwimbaji huanza akiwa chini, miguuni pa jukwaa, akapiga hodi kwa wimbo. Ngoma ikiitika karibu, hupanda, na mtaa mzima humsindikiza kwa vigelegele. Isipoitika, hupiga hodi ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu nayo ikipita kimya, mwimbaji hufunga kanga yake vizuri akarudi alikotoka, kama mgeni yeyote mwenye adabu, maana hodi haipigwi mara nne.

Kwa miaka mingi hodi ya Mwantumu ilikuwa ikiitikiwa na mumewe, Chande. Watu walisema Chande akipiga karibu, hata uliyegombana naye asubuhi ungeingia ukavua viatu. Mwantumu mwenyewe alikuwa ameolewa na ile karibu. Uso wa Chande aliutazama baadaye, akaona nao si mbaya.

*

Balaa lilianza siku Chande alipouliza swali.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema kikaoni, "sisi ni chama cha ngoma. Mbona tunakaa sana na hatuchezi?"

Mheshimiwa Mapembe akatabasamu kama aliyeletewa biriani.

"Swali zuri sana," alisema. "Swali la kizalendo. Mtu mwenye uchungu na sanaa kiasi hiki hatuwezi kumwacha ahangaike huko kwenye sanaa. Kuanzia sasa ndugu yetu Chande ni Naibu Msaidizi wa Mwenyekiti anayeshughulikia Midundo. Makofi tafadhali!"

Makofi yakapigwa, kiti kikapandishwa jukwaani, na Chande akakalishwa nyuma ya meza kuu kabla hajafunga mdomo. Hapo hapo akasomewa Kifungu cha Nne cha katiba ya chama, kisemacho kwamba kiongozi hachezi, haimbi wala hapigi ngoma. Mheshimiwa akakifafanua kwa ufasaha wake.

"Kiongozi ni kioo cha jamii. Mmeona wapi kioo kikikata viuno? Kioo kikitikisika kinapasuka, na kikipasuka jamii itajitazama wapi?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Tofalini: anayelalamika hupewa cheo. Nasikia ziko nchi ambako walalamikaji hutiwa ndani, lakini hii ilikuwa nchi ya huruma. Binti aliyekuwa akicheza mbele alinung'unika kidogo tu, akawa Mratibu wa Viuno. Mpiga zumari alinuna bila hata kusema neno, akateuliwa Mshauri Mwandamizi wa Upepo. Waitikiaji wakawa Jopo la Wasemaji, na kwa kuwa ni jopo, hawakuweza tena kusema bila kupatana kwanza. Mwantumu naye alilalamika, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, ila siku hiyo viti vilikuwa vimekwisha. Malalamiko yake yakapokelewa kwa mikono miwili, naye akabaki chini, mtu asiye na cheo chochote.

Kulikuwa na vifungu vingine viwili ambavyo inafaa msomaji avijue mapema. Cha kwanza kilisema kwamba kiongozi anayesimama kutoka kitini kabla kikao hakijafungwa, amejiuzulu. Kifungu hiki kilitungwa na Mheshimiwa Mapembe mwenyewe, ambaye aliupata uenyekiti siku mwenyekiti aliyemtangulia aliposimama kumsalimia mkwewe, aliporudi akakuta kiti kina mtu. Cha pili kilisema kikao hakifungwi mpaka akidi itimie, na akidi ni viongozi wote, kila mmoja juu ya kiti chake. Hicho nacho kilitungwa na Mheshimiwa, kwa kuwa mtu aliyekipata kiti namna ile halali usingizi wake wote.

*

Nyumbani kwa Mwantumu maisha yalibadilika. Chande, ambaye zamani hakuweza kungoja chai bila kupiga kikombe kwa kijiko, sasa alikaa mikono juu ya magoti kama anapigwa picha. Mwantumu akimwambia mkaa umekwisha, Chande alijibu kwamba suala la mkaa liko kwenye mchakato. Akimwita kuja kula, alimshukuru kwa mwaliko.

Kila Mwantumu alipotoka kikaoni alipita kwanza chumbani kwa mama yake, na kila mara Bi Zakia aliuliza swali lile lile.

"Leo mmecheza?"

"Leo tumekaa, mama."

"Jana?"

"Na jana tulikaa."

Hapo Bi Zakia aligeukia ukutani. "Laiti ningejua ni la kukalia," alisema siku moja, "ule mchanga ningeufanyia benchi."

Maneno hayo yalimchoma Mwantumu. Alikumbuka akiwa mdogo, mama yake akirudi jioni na pete ya mchanga imeganda kichwani, shingo haigeuki. Jukwaa lile alilijua kwa nyayo zake, pale linapoteleza na pale lilipoachwa na alama ya kidole gumba cha mtu. Sasa alilitazama kwa mbali, limefunikwa meza kutoka ukingo hadi ukingo, na hasira ikampanda mpaka akawa anaosha vyombo kwa kelele ambazo majirani walidhani ni ugomvi.

Kisha siku moja likapita gari la matangazo. Sauti ikatoka kwenye vipaza viwili vilivyofungwa juu: "Wananchi mnatangaziwa! Jukwaa lolote ambalo halijachezewa mwaka mzima, ifikapo Siku ya Sanaa litahesabiwa kuwa ghala! Wananchi mnatangaziwa na mnapongezwa!"

Serikali ilikuwa na sababu. Nchini kote kulikuwa na mabango mengi ya kuzindua miradi, na kwa kuwa miradi yenyewe ilikuwa bado, mabango hayakuwa na mahali pa kukaa. Wilaya ilikuwa imeshayapima, ikaona yataenea vizuri Tofalini.

*

Mwantumu hakungoja gari limalize mtaa. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, ambako kikao kilikuwa kinaendelea kama kawaida.

"Wakubwa shikamooni," alisema kutoka chini. "Nina ombi moja tu. Siku ya Sanaa tucheze mtondoo mara moja. Ngoma moja. Jukwaa libaki letu."

"Marahaba," meza kuu ilijibu, na Katibu, Bi Leokadia, akaandika kwamba meza imejibu.

"Mwantumu," alisema Mheshimiwa Mapembe, "umegusa mtima wangu. Kwa unyeti wa jambo hili naunda hapa hapa Kamati ya Maandalizi. Na ili isije ikapotoka, naunda Kamati ya Kuisindikiza. Tutafanya mazoezi kila siku."

Mwantumu alifurahi, maskini. Alifika mazoezini mapema, kanga kiunoni, koo limeshapashwa moto kwa tangawizi. Akakuta viongozi wamejipanga mstari mmoja chini ya ngazi. Bi Leokadia alipiga makofi, wakapanda kwa kufuata vyeo, wakafika kila mmoja nyuma ya kiti chake, wakakaa. Mratibu wa Viuno alichelewa kidogo kukaa. Wakashushwa, wakarudia.

"Hapo mnafanya nini?" Mwantumu aliuliza.

"Mazoezi," Bi Leokadia alisema. "Mgeni rasmi akiona tumekaa vibaya, aibu ni ya mtaa mzima."

"Na mtondoo?"

"Upo kwenye ratiba, mwisho, chini ya Burudani. Kama muda utaruhusu."

Siku hiyo Mwantumu alirudi nyumbani akilia, na hakulia kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake huku akiona taa ndani. Akampakulia Chande wali.

"Chande, nakuomba kitu kimoja. Siku ile nikipiga hodi, niitikie. Mara moja tu. Halafu rudi kwenye unaibu wako."

Chande alitazama sahani. "Mke wangu, jambo hilo liko mezani."

"Meza ipi? Hii ninayokupakulia?"

"Nikipiga, nimevunja Kifungu cha Nne. Nikisimama kuifuata ngoma, nimejiuzulu. Watu wataniita nani, Mwantumu?"

"Zamani walikuita Chande."

Chande alikula wali wote polepole, akashukuru kwa huduma, akalitundika koti lake la cheo mlangoni, akaenda kulala.

*

Siku ya Sanaa ikafika. Jukwaa lilipambwa vizuri mno. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe kilichotiwa wanga, maji ya chupa, na mbele yake, katikati kabisa, ngoma kuu ya mtondoo imesimamishwa na kuwekewa juu chungu cha maua ya plastiki. Mheshimiwa aliona ni kutoitendea haki kuiacha bila kazi.

Mgeni rasmi alikuwa Afisa Majukwaa, Bwana Ngwali, mtu mwembamba aliyekuja kuthibitisha kama jukwaa limechezewa au la. Alipewa kiti cha pembeni, na hapo hotuba zikaanza. Mheshimiwa Mapembe alizungumza akiwa amekaa, kwa sababu za kikatiba.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa meza kuu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Sanaa ni nini? Swali hilo wamejiuliza wengi. Sisi Tofalini hatujiulizi, tumeunda jopo. Kabla ya uongozi huu, mtaa huu ulikuwa na wachezaji wengi na viongozi wachache. Leo hii, kwa namna ya pekee na kwa unyenyekevu mkubwa, natamka kwamba tumewamaliza wachezaji wote!"

Meza kuu ikapiga makofi. Akafuata Mshauri wa Upepo, kisha Jopo la Wasemaji, ambalo lilishindwa kupatana likapongezwa kwa kushindwa kwa amani. Jua likahama kutoka utosini likaja machoni. Watu waliokuja na watoto wakaanza kuwafunga mgongoni, na Bwana Ngwali akatazama saa yake waziwazi.

"Na sasa burudani," alisema Bi Leokadia. "Kwa kifupi sana tafadhali."

Mwantumu akasogea mpaka miguuni pa jukwaa. Hapakuwa na nafasi juu hata ya kuweka unyayo, lakini mtondoo huanzia chini, kwa hiyo alisimama pale alipozoea. Akaimba:

*Hodi hodi wenyewe, nimekuja kwa miguu,*
*nyumba naiona taa, mlango kaufunga nani?*

Akanyamaza, kama inavyotakiwa, aitikiwe. Meza kuu ilimtazama kwa adabu. Mtu mmoja akakohoa. Chande alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, anatazama chupa ya maji.

Akaimba hodi ya pili, kwa sauti ya juu zaidi. Uwanja mzima ulikuwa umetulia sasa, hata wale wa vibanda vya chipsi walikuwa wameepua mafuta motoni. Kimya. Mheshimiwa Mapembe alimnong'oneza mgeni rasmi kwamba huo ni mtindo wa kisasa.

Mwantumu alijua ya tatu ikipita atafunga kanga arudi, na kesho yake mabango yataletwa na lori. Hakumtazama tena mumewe. Alilitazama jukwaa lenyewe, saruji ya mama yake, akaipiga hodi ya tatu pole pole, kama unavyobisha kwa mgonjwa.

Neno la mwisho likaisha. Akaanza kushika ncha ya kanga.

*Ti-ti, ndu. Ti-ti, ndu.*

Lilikuwa pigo la kwenye mbao. Chande alikuwa amefumba macho, na mikono yake ilikuwa juu ya meza kuu, inaitika karibu kwenye kitambaa cheupe. Chupa ya Mheshimiwa ikaruka, ikaanguka ubavu, ikaanza kumwagika kuelekea kwa mgeni rasmi.

"Naibu!" Mheshimiwa alifoka. "Kifungu cha Nne!"

Chande akasimama. Nikwambie ukweli, hapakuwahi kuonekana mtu akisimama pale kabla kikao hakijafungwa, na akina mama wengine waliziba macho. Akaondoa chungu cha maua juu ya ngoma kuu na, kwa kukosa pa kukiweka, akampakatisha Mwenyekiti. Akatia ngoma kwapani. Kisha akakumbuka kitu, akarudi, akachukua na kiti chake.

"Kiti wapeleka wapi?" aliuliza Bi Leokadia.

"Mpiga mtondoo hupiga akiwa amekaa," Chande alisema, akateremka.

Ngoma ilipigwa pale chini, kwenye vumbi. Vigelegele vilipasua masikio, na Mwantumu aliimba huku akicheka na kulia, na mumewe akimjibu kila neno kana kwamba anafidia yote ya nyuma. Mratibu wa Viuno alionekana akishika meza kwa mikono yote miwili ili asije akainuka.

*

Ilipokwisha, Bwana Ngwali akaomba kauli.

"Nimeona ngoma imepigwa juu na imechezwa chini. Sheria inasema jukwaa *lichezewe*. Nataka uongozi unithibitishie: lile pigo la mezani lilikuwa sanaa au utovu wa nidhamu? Nikipata uamuzi wa kikao, nami nitaamua kama hili ni jukwaa au ghala. Mpaka hapo lori halitakuja, na ninyi msitoke."

Mheshimiwa akashauriana na katiba. Kuamua kulihitaji akidi. Akidi ilikuwa viongozi wote, na mmoja alikuwa amejiuzulu kwa kusimama. Kumteua mwingine kuliwezekana, ila kiongozi wa Tofalini huteuliwa kwa kukalishwa kitini, na kiti kilikuwa chini, kimekaliwa na mpiga ngoma. Kukiendea kulitaka mtu asimame. Kufunga kikao ili wasimame kulitaka akidi.

Bwana Ngwali, ambaye si kiongozi wa chama, aliaga akaenda zake. Wao wakabaki wamekaa.

Walikaa siku ile, wakakaa wiki ile. Jamaa zao waliwapelekea uji na mablanketi, na mvua zilipoanza wakawapelekea miamvuli. Mheshimiwa aliendelea kupakata maua, kwa kuwa kuyaweka chini kulimtaka ainame kiasi ambacho wanasheria wa chama walikiona cha hatari. Njia ya kutoka ilikuwa nyepesi, kusimama tu, lakini wewe msomaji usiyewahi kuwa Mshauri Mwandamizi wa Upepo usiwacheke.

Chini, kila Ijumaa alasiri, mtondoo ulichezwa. Lakini Mwantumu hakuwa na raha. Kwenye vumbi miguu yake haikutoa sauti, na mtondoo bila sauti ya miguu ni nusu ya mtondoo. Kila akiimba alikuwa anatazamana na jukwaa lililojengwa na mama yake, na juu yake watu wamejifunika mablanketi. Alikuwa ameitikiwa karibu na bado yuko nje.

Ijumaa moja Mheshimiwa akamwita kwa upole.

"Mwantumu mwanangu. Njoo na hicho kiti, ukae hapa. Wewe ndiwe Naibu Msaidizi. Akidi itatimia, tutathibitisha kuwa ilikuwa sanaa, tutafunga kikao, tutashuka sote. Jukwaa lenu."

"Nikishakaa nitaruhusiwa kucheza?"

"Ah," alisema Mheshimiwa. "Kifungu cha Nne kipo. Lakini utaruhusiwa kuhudhuria."

Mwantumu hakukataa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakukataa. Aliomba muda wa kufikiri, akarudi nyumbani akampitia mama yake.

"Leo mmecheza?" Bi Zakia aliuliza.

"Tumecheza, mama."

"Jukwaani?"

"Chini. Jukwaani wamekaa wakubwa. Wanasema nikikubali cheo watashuka. Nilikuwa nafikiri niwaombe—"

"Uwaombe," Bi Zakia alisema. Akaitwaa fimbo yake. "Huyo mumeo ana mkokoteni?"

*

Wakampeleka kwa mkokoteni wa muuza maji, Chande akisukuma, Bi Zakia ameketi juu ya mto na fimbo yake magotini, ngoma kuu ubavuni, anafoka kila wakipita shimo. Mtaa ukawafuata. Alipoteremshwa mbele ya jukwaa aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyekuja kuazima ungo:

"Hodi."

Meza kuu ikatazamana. Kuitika karibu ni uamuzi, na uamuzi hutaka akidi.

"Hodi!"

Mshauri wa Upepo alifungua mdomo, akaangaliwa na Mwenyekiti, akaufunga.

"Hodi kwa mara ya tatu, wenyewe!"

"Mama yetu," alisema Mheshimiwa Mapembe kutoka nyuma ya maua, "hodi yako tumeipokea. Inafanyiwa kazi."

Uwanja mzima uliguna. Mwantumu akamshika mama yake kiwiko, macho yanamwasha. "Twende, mama. Hawakuitika."

"Asiyeitikiwa hurudi kwao," Bi Zakia alisema. "Nami narudi kwetu."

Akaweka fimbo kwenye ngazi ya kwanza, kisha goti bovu, kisha goti bovu zaidi. Mwantumu alibaki amesimama pale pale, kwa mazoea. Nyuma yake Chande alikuwa ameshatia mikono kwenye ngoma, na karibu ikaanza kutoka, nzito na ya taratibu, ikimngoja bibi apande kwa hatua zake.

Bi Zakia alifika juu akihema. Akaishika ncha ya kitambaa cheupe.

"Inueni viwiko," aliwaambia, nao wakainua, kwa maana walilelewa na mama zao. Akakikunja kitambaa taratibu kutoka upande wa Katibu mpaka upande wa Upepo, chupa zikianguka na kubingirika, akakitia kwapani. Kisha akaigonga meza kwa fimbo. "Hii nayo isogee."

Hakuna aliyesimama. Ila waliisukuma meza kwa magoti, wakaburura viti vyao kinyumenyume wakiwa wamevigandia kwa makalio, wakajibana kwenye ukuta wa nyuma, mstari mmoja, maua katikati. Mbele yao saruji ikabaki wazi, na alama ya kidole gumba ilikuwa pale pale.

Bi Zakia akageuka. "We mtoto! Unamngoja nani tena?"

Mwantumu akapanda. Miguu yake ilipogusa saruji ikatoa ile sauti, na mtaa wote ukaisikia.

Jioni, alipokuwa akimkanda mama yake magoti kwa mafuta ya nazi, Bi Zakia akauliza, kama kawaida yake:

"Leo mmecheza?"

"Mama, si ulikuwepo!"

"Nijibu."

"Tumecheza, mama."

"Na wale?"

Mwantumu akaendelea kukanda.

"Wamekaa," alisema.